Paa Kabla ya Ukuta

Magharibi ya jiji la Melbourne, Australia, kuna mitaa ya nyumba ambazo taa zake huwaka mchana kutwa, vitanda vimetandikwa, meza zimeandaliwa sahani na glasi, na hakuna mtu anayelala humo. Matunda kwenye bakuli ni ya plastiki. Vitabu vya kwenye rafu vimepangwa kwa rangi za majalada. Katika kabati la chumba cha watoto zimetundikwa gauni ndogo ambazo hazijawahi kuvaliwa. Mlangoni kuna kibao chenye jina la ramani, upana wa kiwanja kinachoifaa na jina la kampuni, na mlango wenyewe uko wazi. Unaingia bila hodi, unavuta droo za jikoni, unakaa ukingoni mwa bafu, unapima chumba kwa hatua, kisha unavuka barabara na kuingia nyumba ya kampuni nyingine. Jumapili mchana mitaa hiyo hujaa familia nzima nzima, bibi na wajukuu, na wazee wakigonga kuta kwa vidole kusikia kuna nini ndani.

Nilipelekwa huko na mpwa wangu na mumewe Julai 2024, katika majira ya baridi ya kule, upepo ukikata masikio. Wao walikwisha kuchagua siku nyingi, na nyumba yao ilikuwa inasimama huko Wyndham Vale, lakini mpwa wangu alisisitiza tuanzie kwenye maonyesho. "Mjomba, ukienda saiti kwanza hutaelewa kitu," alisema. "Nyumba ya hapa inaisha kwenye makaratasi kabla haijaanza ardhini." Mimi niliyejenga Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, kwa kuanza na tripu ya mchanga na fundi aliyechora vyumba chini kwa kijiti, nilimfuata nikiwa na daftari mkononi.

Kampuni hizi hujenga kwa wingi. Kila moja ina ramani zake zilizokwisha kuchorwa, kupigiwa hesabu na kujengwa mara nyingi, na nafuu ya bei yake imo katika kurudia: mbao za urefu uleule, madirisha ya saizi ileile, mafundi wanaoijua kila kona hata wakifumba macho. Familia hununua kiwanja kwa mwendelezaji aliyepima shamba zima, mara nyingi barabara zikiwa bado hazijawekwa lami, kisha huchagua ramani inayoenea humo. Serikali ya jimbo la Victoria humpa anayejenga au kununua makazi yake ya kwanza dola 10,000, ila kwa nyumba mpya tu na isiyozidi thamani ya dola 750,000. Anayenunua nyumba ya zamani hapati kitu. Hiyo ni sababu mojawapo ya vijana na wahamiaji kuishia kwenye nyanda hizi za pembeni. Katika treni ya kwenda mjini nilisikia Kipunjabi, Kiarabu, na asubuhi moja Kiswahili cha Kongo, akina mama wawili wakibishana kwa sauti ya juu kuhusu bei ya vigae.

Bei iliyoandikwa kwenye kibao si bei ya nyumba unayoitazama. Katika ile niliyoingia, dari ilikuwa mita 2.7 kutoka sakafuni, na mpwa wangu akaninong'oneza kwamba ukilipa bei ya kibao unapata mita 2.4. Milango mirefu ni nyongeza. Taa za kuzama darini ni nyongeza. Bomba jeusi la sinki, lile lililowavuta wageni wote, lilikuwa nyongeza juu ya nyongeza. Hata sura ya mbele huuzwa peke yake. Ramani ni ileile, lakini mnachagua mnavyotaka kuonekana na mpita njia: nguzo mbili na lipu nyeupe, au mbao za mlalo, au tofali nyeusi zilizopangwa kwa kusimama. Ukizunguka ubavuni, sura inakoma ghafla na tofali za kawaida zinaanza. Hapo sikushangaa. Chanika nzima tumepiga rangi mbele na kuacha ubavu na block tupu.

Nilichoshangaa ni vyumba. Kuna chumba cha kuangalia filamu kisicho na dirisha, kuna stoo ya chakula yenye sinki lake nyuma ya jiko, kuna kabati la nguo ambalo unaingia na kutembea ndani. Gereji ya magari mawili imechukua sehemu kubwa ya upande wa barabara, hata mlango wa watu unaonekana umebanwa pembeni. Nyumba mpya za Australia huhesabiwa miongoni mwa kubwa kuliko zote duniani, kwa wastani zaidi ya mita za mraba 200, na zinakaa kwenye viwanja vinavyoacha njia ya toroli tu ubavuni. Madirisha hayana grili. Mbele hapana uzio. Nyuma kuna uzio wa mbao unaomfikia mtu kichwani, na sheria inataka majirani wawili wagawane gharama yake nusu kwa nusu. Nilijaribu kumfikiria jirani yangu wa Chanika, ambaye tumeshindwa kugawana hata gharama ya kuondoa takataka mtaroni.

Baada ya kuchagua ramani na sura, familia huitwa kwenye ukumbi wa kampuni kuchagua vilivyobaki, na vilivyobaki ni vyote. Mpwa wangu alinionyesha faili la siku hiyo, kurasa zenye saini chini ya kila moja. Rangi ya tofali, rangi ya udongo wa kuunganishia tofali, vitasa, mabomba, kina cha sinki, upande ambao kila mlango utafungukia, idadi ya soketi katika kila ukuta. Ukishatia saini, kubadili kitu kuna faini yake. Usiku kadhaa kabla ya hapo, yeye na mumewe walikaa na ramani mezani wakijiuliza sufuria ya umeme ya wali itakaa wapi, mtoto atachajia wapi simu akifika sekondari. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka mitatu. Kwetu soketi huamuliwa ukuta ukiwa tayari umesimama: fundi umeme anapita na penseli, mwenye nyumba nyuma yake, "hapa tivii, hapa friji, hapa tupe na ya pasi," na alama zinabaki ukutani mpaka mtu wa lipu atakapozifunika.

Katika ukumbi huo kulikuwa na jambo jipya wakati nilipopita. Kwa miaka mingi meza za jikoni za nyumba hizi zilitengenezwa kwa jiwe la kiwandani, unga wa jiwe uliogandishwa kwa gundi, linalong'aa. Wakataji wake walikuwa wanavuta vumbi la silika, na vijana wakaanza kuugua mapafu ugonjwa usiopona. Kuanzia tarehe 1 Julai 2024 Australia ikapiga marufuku jiwe hilo, kulitengeneza, kuliuza na kulifunga, nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Kwa hiyo sampuli zilikuwa zimebadilishwa na kampuni zilikuwa zinauza jiwe la aina nyingine. Nilimkumbuka kijana aliyekata vigae vyangu kwa grainda, kichwa chote kimekuwa cheupe, leso imefungwa puani kwa heshima tu. Nilikuwa nimemnunulia maziwa, kwa kuwa sote tunaamini maziwa husafisha vumbi kifuani.

Saiti yenyewe tuliifikia siku iliyofuata. Wyndham Vale ni tambarare. Hakuna mti mrefu, na upeo wa macho umejaa mapaa. Chini ni udongo mzito wa mfinyanzi uliotokana na miamba ya volkano, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kabla ya kuchimba chochote, fundi wa udongo hutoboa kiwanja na kukipa daraja kwa herufi, kuanzia ule usiojongea au unaojongea kidogo sana hadi ule unaojongea kupita kiasi, na herufi hiyo ndiyo inayoamua unene wa msingi na, kwa hiyo, bei. Kisha kuna mawe. Tingatinga likikuta mwamba chini, kuuvunja kunalipiwa juu ya bei ya mkataba, na kila familia ya upande huu ina hadithi ya bili ya mawe. Ya wapwa zangu ilifika asubuhi, kwa barua pepe, na mume wa mpwa wangu anasema hakula chakula cha mchana siku hiyo.

Msingi wao hauzami kama wetu. Sisi huchimba mtaro, tunapanga mawe au tofali za kulaza, tunajaza kifusi, tunashindilia, ndipo tunamwaga jamvi. Wao husawazisha ardhi, hutandika karatasi ya plastiki, hupanga maboksi meupe ya povu mistari kwa mistari, hupitisha nondo kati yake, na gari la zege linamwaga lote kwa siku moja. Zege linashuka kwenye mifereji kati ya maboksi na kuwa mbavu, na jamvi zima linakaa juu ya udongo kama trei. Udongo ukivimba, unalinyanyua lote kwa pamoja.

Juu ya trei hiyo linakuja jambo lililonipa kichwa cha maandishi haya. Lori huleta fremu za mbao za msonobari zilizokwisha kupigiliwa kiwandani, kila moja na namba yake, na kenchi zilizounganishwa kwa vibati vyenye meno. Maseremala wachache, wenye bunduki za misumari zinazoendeshwa kwa hewa, wanasimamisha mifupa ya nyumba nzima kwa siku chache. Kisha paa linaezekwa. Vigae vinakaa juu, mvua haiingii, na chini yake hakuna ukuta hata mmoja. Unasimama sebuleni na kumwona jirani akimwagilia maua. Tofali huja baadaye, mstari mmoja tu kuizunguka nyumba kwa nje, umeachwa uwazi mwembamba kati yake na mbao, umeshikizwa kwa vipande vya chuma. Tofali hizo hazibebi kitu isipokuwa uzito wao wenyewe. Nyumba imebebwa na mbao, na tofali ni koti. Chini ya ukuta mwashi huacha vijitundu vyembamba kila baada ya tofali kadhaa, maji yaliyopenya koti yapate pa kutokea. Kwa ndani panafungwa magodoro ya pamba ya kioo katikati ya mbao, kisha jipsamu bodi ya milimita 10, ambayo mtu akiiangukia vibaya kiwiko kinaitoboa.

Nilimuuliza mwashi mmoja, aliyekuwa akila ndani ya pikapu yake, nyumba kama hii inakaa miaka mingapi. Akatazama paa, akatazama mkate wake, akasema inakaa kuliko mkopo. Nadhani alikuwa anatania. Lakini jibu lake lilinieleza kipimo cha pale. Chanika tunaulizana nyumba itarithiwa na nani; ukuta wa block wenye nondo unajengwa kwa kumfikiria mjukuu. Kule watu huuza na kuhama, na thamani kubwa imo kwenye kiwanja.

Saiti hizo ni za kimya kuliko nilivyotarajia. Hakuna mama ntilie, hakuna kundi la saidia fundi wakipokezana ndoo za zege, hakuna mlinzi aliyejenga kibanda cha mabati na kupanda mchicha. Kuna choo cha plastiki cha kukodi, kuna kizimba cha waya cha takataka, kuna uzio wa muda wenye kufuli. Fundi bomba huja asubuhi, hufanya yake na kuondoka. Fundi umeme huja siku nyingine, hata hawajuani. Anayewaunganisha ni msimamizi mmoja wa kampuni mwenye nyumba nyingi mikononi, na mwenye nyumba humpata kwa simu. Hapo ndipo nilipobaki mdomo wazi: wapwa zangu hawakuwa na ruhusa ya kuingia kwenye nyumba yao wapendavyo. Mpaka makabidhiano, saiti iko mikononi mwa mjenzi kwa mkataba na kwa bima, na kuingia ni kwa miadi, ukiwa na kofia ngumu. Jioni wao hupita na gari taratibu, wanapiga picha kutoka barabarani, wanarudi nyumbani kuzikuza kwenye simu.

Kwetu mwenye nyumba asiyeshinda saiti ni mtu aliyeamua kuibiwa. Unahesabu mifuko ya saruji asubuhi na unahesabu mifuko mitupu jioni. Unajua uwiano wa mchanga kwa ubishi wa kila siku na fundi. Unanunua soda. Ukiugua wiki moja, lenta inapinda.

Basi wao wanaaminije? Wanaamini karatasi. Sheria ya mikataba ya ujenzi wa nyumba ya Victoria, ya mwaka 1995, imepanga malipo kwa hatua, na mpwa wangu alizijua kwa kichwa. Kwa mkataba kama wao, arubuni haizidi asilimia 5. Jamvi likimalizika, asilimia 10. Fremu zikisimama na kukaguliwa, 15. Nyumba ikifungika, yaani ina paa, kuta za nje, madirisha na milango, 35. Kazi za ndani zikishafungwa, makabati, milango na mabafu, 25. Asilimia 10 ya mwisho husubiri nyumba iishe. Baada ya kusaini una siku 5 za kazi za kubadili mawazo. Mkaguzi wa majengo hupita kabla zege halijamwagwa, hupita fremu zikisimama, hupita mwishoni, na bila cheti chake cha makazi huhamii. Fundi bomba na fundi umeme kila mmoja anaacha hati ya kazi yake. Benki nayo haitoi fedha ya hatua mpaka iridhike hatua imefikiwa. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kule wamelifanya daftari kuwa ndilo fundi mkuu.

Na fedha haisubiriwi. Hili ndilo lililonichukua muda kulimeza. Sisi nyumba huisubiri fedha: mwaka wa msingi, mwaka wa kuta, miaka miwili ya ukimya, mwaka wa kupaua. Ukipita Kivule au Bunju, hukohuko Dar es Salaam, unaona mapagala, miti imeota chumbani, na kila pagala ni hesabu ya mshahara wa mtu. Likiisha, limeisha, hudaiwi na yeyote, na unahamia hata vigae havijawekwa. Kule fedha yote hutangulia na deni hufuata, kwa kawaida miaka 30. Katika miezi ya ujenzi wapwa zangu walikuwa wanalipa kodi ya nyumba waliyopanga na riba ya nyumba ambayo hawaruhusiwi kuikanyaga bila miadi. Nyumba inakwisha kabla ya mwaka au kupita kidogo, na kwa miaka 29 inayobaki ni wao wanaojengwa.

Nilidhani desturi hii ni ya asili yao, mpaka mzee mmoja, jirani yao mpya aliyezaliwa hukohuko Melbourne, aliponipa chai na kunieleza utoto wake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vifaa vilikuwa adimu na nyumba hazitoshi. Baba yake alinunua kiwanja, akajenga gereji kwanza, na familia ikaishi humo kwa miaka huku nyumba ikipanda mwisho wa juma baada ya mwisho wa juma, marafiki wakija kusaidia kwa kulishwa. Walikuwa wengi wa namna hiyo. Mwaka 1947 chama cha wasanifu wa Victoria na gazeti la The Age walianzisha huduma ya kuuza ramani za nyumba ndogo kwa pauni 5, chini ya msanifu kijana, Robin Boyd, ili hata mwenye kujijengea awe na mchoro wa maana. Makampuni yalikuwepo tayari: la A. V. Jennings lilianza Melbourne mwaka 1932. Lakini kilichoyafanya yatawale, kwa maelezo ya mzee huyo, ni benki zilizokubali kukopesha na wake kwa waume waliochoka kukosa Jumapili. Nikamwambia gereji ya baba yake tunayo mpaka leo, ila sisi tunaiita banda la uani, na wapangaji wakishaingia humo hawatoki.

Karatasi nayo hupasuka. Tarehe 31 Machi 2023 kampuni ya Porter Davis, iliyokuwa miongoni mwa wajenzi wakubwa wa nyumba nchini humo, ilisimama ghafla ikiwa na nyumba zipatazo 1,700 mikononi, katika Victoria na Queensland. Mikataba ilikuwa ya bei isiyobadilika. Baada ya janga la korona mbao, vyuma na mishahara vikapanda, na kila nyumba iliyokwisha kusainiwa ikageuka hasara. Fremu zilibaki zinanyeshewa. Sheria ilimtaka mjenzi akukatie bima kabla ya kupokea arubuni, bima ya kukulipa akifa, akitoweka au akifilisika, lakini ikagundulika kuna familia zilizokuwa zimelipa na bima haikukatwa. Serikali ya jimbo ikalazimika kuanzisha mpango wa kuwarudishia arubuni zao. Watu wa kule wakakutana na pagala. Tofauti ni kwamba mwenye pagala wa Bunju hudaiwa na nafsi yake tu. Wao benki ilikuwa inaendelea kuhesabu.

Nyumba ya wapwa zangu ilifika mwisho, na picha za siku ya ukaguzi nilitumiwa nikiwa nimesharudi. Waliajiri mkaguzi wao binafsi, ambaye alipita na utepe wa bluu wa karatasi akiubandika kila penye kasoro: mchubuko wa rangi, kitasa kilicholegea, kigae chenye sauti ya utupu. Sebule ilikuwa imejaa vipande vya bluu. Mjenzi akarudi kuvirekebisha kimoja kimoja bila ugomvi, kwani asilimia 10 ilikuwa bado haijatoka. Nimeuwaza sana utepe ule. Fundi wangu wa Chanika nilimlipa yote paa lilipokamilika kwa sababu mwanawe alikuwa anaanza shule, na mlango wa choo mpaka leo haufungi mvua ikinyesha.

Hata baada ya funguo, nyumba ilibaki na amri zake. Mwendelezaji anataka bustani ya mbele ipandwe ndani ya muda uliowekwa. Kamba ya nguo isionekane kutoka barabarani. Mapipa ya taka yakae ubavuni. Ndani, kuna mabomba ya aina mbili: ya kawaida, na ya rangi ya zambarau, yanayoleta maji yaliyosafishwa kutoka mtambo mkubwa wa maji taka wa Werribee, unaofanya kazi tangu miaka ya 1890. Hayo ni ya chooni na bustanini, na koki yake ya nje ina kibao cha kukataza kunywa. Mpwa wangu anasema mtoto alijifunza zambarau kabla ya rangi nyingine yoyote. Jiko la nje ndilo alilolipigania. Katalogi haikuwa nalo. Walimpa kibaraza chenye paa, bomba la gesi na feni, na hapo ndipo anapokaanga samaki ili harufu isikae kwenye makochi.

Sasa anataka kujenga tena, huku kwetu Kibaha, kwenye kiwanja alichonunua kwa kupitia kwangu. Hii si nyumba ya mkopo. Itapanda kwa akiba anayotuma kidogo kidogo, na nimekuwa msimamizi bila kuombwa mara mbili. Kabla ya tripu ya kwanza ya mchanga alinitumia mkataba wa ukurasa mmoja: hatua tano, asilimia kwa kila hatua, picha kabla ya malipo, asilimia 10 izuiwe mpaka mwisho. Niliuchapa nikampelekea fundi. Aliusoma wote, akakubali kila hatua, akauliza mbona hakuna mstari wa siku ambazo mama hajatuma hela ya saruji na vijana wake wapo saiti wanataka kula. Nilimpigia mpwa wangu pale pale. Alinyamaza kidogo, akasema sheria ya Victoria haikuliwazia hilo. Tukaongeza kifungu cha sita, cha posho ya siku za kusubiri, na fundi akasaini kwa jina lake lote.